Viazi Vinne vya Makambako

Kwa nauli niliyotozwa Dar es Salaam nilitarajia kufika Kyela nikiwa nimelala usingizi, lakini kiti changu hakikuegemea, na mara tulipoipita Makambako rejeta ya basi ikapasuka, tukateremshwa kandokando ya barabara katika baridi ambayo wenyeji huiita hali nzuri ya hewa. Utingo alitangaza kwamba fundi angefika baada ya nusu saa. Alifika baada ya saa tano.

Katika kibanda cha chai, ambacho mwenyewe alipandisha bei ya kikombe alipoona basi zima likiteremka, niliketi na mzee mmoja mwenye kofia iliyodariziwa, mfanyabiashara wa kisiwa cha Nzwani, aliyekuwa akienda Mbeya kuulizia bei ya mchele. Kiswahili chake alikipata Unguja ujanani, nacho kilikuwa safi kuliko changu. Nikamwambia, ili kuonyesha kwamba ninaijua nchi yake, kuwa Komoro ni visiwa vitatu.

"Vinne, mwanangu," akanisahihisha, kisha akachukua viazi vinne kwenye ndoo ya mama wa kibanda akavipanga mezani: Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte.

Mnamo Desemba 1974, alieleza, visiwa vyote vinne, vilivyokuwa chini ya Ufaransa, vilipiga kura ya kujitawala, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali. Maore peke yake ilikataa, kwa zaidi ya asilimia 60. Ugomvi wote umo katika kuhesabu. Wakomoro walisema kura ilikuwa ya nchi moja, bunge la Paris likaamua kuitazama kisiwa kwa kisiwa. Kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, alitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Umoja wa Mataifa ukaipokea nchi hiyo Novemba mwaka huohuo ikiwa na visiwa vinne, ambavyo mpaka leo vina nyota nne katika bendera yake. Ufaransa haikuiachia Maore. Mwaka 1976 ilitumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama, na mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili.

"Lakini, mzee wangu, wenyewe si walichagua?" nikauliza, kwani nilikumbuka kura ya 2009, ambayo asilimia 95 waliukubali mkoa huo.

"Walichagua," akasema bila kukasirika. "Hata sisi wa Nzwani tulijitenga mwaka 1997 tukaomba Ufaransa iturudishe, ikatukataa. Mwaka 2008 ninyi Watanzania mkaja na wanajeshi kumwondoa Kanali Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa chetu."

Nilivitazama viazi, nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumhurumia mtu aliyeporwa, naye hakutaka huruma ya namna hiyo. Kilichomuuma ni dada yake, anayeishi Mamoudzou, huko Maore. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuingia Maore, na zile kilomita 70 hivi ambazo zamani watu walivuka kwenda harusini, sasa wasio na viza huzivuka usiku kwa kwasa-kwasa, mashua ndogo ambazo zimezamisha wengi. Mama yao alipofariki, dada hakuja kuzika. Hana karatasi, na akitoka hatarudi kwa watoto wake.

Nikamweleza habari za kwetu, kwamba mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliupitisha mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Malawi ikaushikilia, nasi tukadai mstari wa katikati ya maji; na kwamba Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, upande wa Malawi, ni ndugu waliogawanywa na Mto Songwe.

"Na mtu wa Karonga akifa, mnakwenda kuzika?"

"Tunakwenda. Viza hatuhitaji."

Alinyamaza kwa muda, akavirudisha viazi ndooni kimoja kimoja, kisha akaniuliza gunia la mchele linauzwaje Kyela.