Mbwa aliyekuwa akikikimbia hata kivuli changu, leo nasasa naye

Nianze na ushauri niliopewa, maana ndio ulionichoma zaidi. Mbwa mwoga, niliambiwa, mtie njaa mpaka amjue bwana wake. Mwengine akasema mchape kidogo kila anapokimbia, hofu hutolewa kwa hofu. Wa tatu, mzee aliyesasa, yaani aliyewinda kwa mbwa, tangu ujana wa baba yangu, alinishika bega akaniambia: "Mwanangu, mbwa huzaliwa jasiri au huzaliwa bure. Huyo mrudishe, utafute mwengine." Wote watatu hawakusema kweli, na naandika haya kwa sababu vijana wengi wa Unguja na Pemba wanapoteza mbwa wazuri kwa maneno kama hayo.

Mimi ni mkulima wa Kusini Unguja, upande wa Muyuni. Ardhi yetu ni mawe matupu, muhogo tunaupanda kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe, na adui wetu mkubwa ni nguruwe mwitu. Huja usiku, tena kwa kundi, na konde uliyoihangaikia mwaka mzima inaweza kufukuliwa kwa usiku mmoja. Chui ambaye zamani akiwapunguza, habari zake hatuzisikii tena. Ndiyo maana tunasasa: watu wa vijiji viwili vitatu tunakusanyika, kwa kibali, tukiwa na mbwa, nyavu, mikuki na magongo. Mbwa wanamtoa nguruwe kichakani, sisi tunamngoja mbele. Bila ya mbwa hatoki, kwa sababu kichaka cha maweni binaadamu hakiingii ila kwa kutambaa, na hakuna mwenye akili anayetambaa kumfuata nguruwe dume mwenye meno.

Najua watakaouliza Muislamu na mbwa wapi na wapi. Mbwa wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda mimea ameruhusiwa katika hadithi za Bukhari na Muslim, na Sura ya Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Twahara nayo haina ugumu kwa anayejipanga. Nguo zangu za mbwa, shati la kaki na suruali kuukuu, zinaning'inia kwenye msumari wa bandani. Chini yake pana ndoo ya maji na kopo la udongo, kwani sisi wa madhehebu ya Shafi ute wa mbwa tunauosha mara 7, moja kwa udongo. Nguo zile haziingii ndani ya nyumba, wala hazifuliwi pamoja na za watoto. Nitakuja kuzieleza, maana zilinisaidia sana.

Tutaona, ndilo jina nililompa, nilimpata akiwa na umri wa miezi kama mitano. Mtoto wa mbwa hujifunza kipi cha kuogopa na kipi cha kuzoea tangu wiki ya 3 hivi hadi wiki ya 12 au 14. Yeye wiki hizo alizimaliza chini ya ngarawa bovu ufukweni, watu wakimpiga mawe. Nikiinua mkono kujikuna kichwa tu, anajibana ukutani na mkojo unamtoka. Mkia ameufyata mpaka umeshika tumbo. Uso anaugeuza pembeni, lakini jicho limebaki kwako, weupe wake unauona. Alikuwa pia akipiga miayo na kujilamba pua bila ya kuwa na usingizi wala chakula mbele yake. Watu wakasema mvivu huyo. Mbwa anayepiga miayo ukimkaribia anakuomba urudi nyuma, na mimi nikawa narudi nyuma.

Chakula sikumpunguzia hata siku moja. Ugali wa dona na vichwa vya samaki alikula asubuhi na jioni, sahani pale pale, saa ile ile. Dagaa wakavu walikuwa nyongeza. Mbwa mwenye njaa hana nafasi ya kujifunza, anadokoa tu na kukimbia. Dagaa wa elfu mbili walinitosha wiki nzima au zaidi, ingawa mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawapati kitu na bei inapaa, kwa hiyo nunueni usiku wa giza mkaweke.

Sasa niwape mbinu yenyewe, ambayo pale kijijini sijamuona mtu mwengine akiitumia. Watu wakitaka kumzoesha mbwa mwoga huweka chakula kiganjani, wananyoosha mkono na kumbembeleza: njoo, njoo. Mbwa anajivuta, shingo mbele, miguu ya nyuma imebaki kule kule tayari kutimka. Anadokoa, anashtuka kujikuta yuko karibu na mtu kuliko alivyotaka, anakurupuka. Kila ukifanya hivyo unamfunza kuwa chakula chako ni mtego. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nimempa ubavu, simtazami usoni, mfuko wa dagaa mapajani. Akisogea hatua moja kuja kwangu, dagaa namrushia nyuma yake, kule anakotaka kukimbilia. Nyuma, si mbele. Anageuka, anaondoka, anakula kwa raha zake akiwa mbali nami. Kusogea kwake kumemlipa mara mbili: amepata dagaa, na amepata nafasi ya kupumua. Akishameza anageuka, na akitaka mwengine hana budi aje tena. Anakuja kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemvuta wala aliyemwita.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia miguu yake ya nyuma. Ikiwa imenyooka na kubaki mbali na mwili, mbwa bado ana shaka hata kama pua yake imefika kwako. Ikikusanyika chini ya tumbo, ameamua. Nilikuwa narusha, anarudi, narusha, anarudi, na kila siku mstari anaosimama unakuwa karibu kidogo. Mke wangu akipita na ndoo ya maji ananiuliza, "Leo umefika wapi?" namuonesha kwa kidole: jana alisimama kwenye shina la mpapai, leo kwenye jiwe. Hadi jioni moja nikarusha dagaa, akaanguka huko nyuma, na Tutaona hakumfuata. Alibaki anaunusa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, pumzi yake naihisi kwenye malaika ya ngozi. Sikumgusa. Nilimwachia anuse mpaka alipotosheka, akaondoka kumtafuta dagaa wake. Furaha niliyokuwa nayo usiku ule sikuwa nayo hata siku nilipouza mavuno ya kwanza.

Nilipokuja kumgusa, nilianzia kifuani, mkono ukitokea chini. Mkono unaoshuka juu ya kichwa, kwa mbwa aliyepigwa, ni mkono wa mpigaji, hata ukiwa na mapenzi kiasi gani.

Na zile nguo za bandani. Kwa kuwa nilizivaa kwa ajili yake tu, hazikuwahi kuwa na harufu ya udi, sabuni, petroli ya pikipiki wala samaki wa sokoni. Zilikuwa na harufu ya mimi na banda, siku zote. Nikizivaa, anajua kinachofuata ni kigoda, dagaa na utulivu. Nikaona akiniona nazo mkia unashuka kutoka tumboni na kuanza kucheza, kabla hajauona uso wangu. Basi nilipotaka kumtoa kwenda naye kondeni nikamtandikia shati lile lile pale tulipopumzika, akalala juu yake mahali asipopajua. Mwenye mbwa mwoga na atenge nguo zake, awe wa dini yoyote.

Katikati ya haya yote nusura kazi yangu iharibiwe. Nilikwenda mjini kwa shughuli za familia, nikalala huko. Ami yangu mmoja, ambaye kwake mbwa ni mbwa, akapita nyumbani, akamfunga Tutaona kamba shingoni na kumpeleka kusasa na mbwa wakubwa, "akakomae". Nimesimuliwa na waliokuwepo. Madebe ya kumtishia nguruwe yalipoanza kupigwa na watu kupiga ukelele, mbwa alilala chini akakataa kunyanyuka. Ami akamburuta. Nguruwe akatoka upande wao, mbwa wakubwa wakapita juu yake, kamba ikamponyoka ami, na Tutaona akaingia porini na kamba ile shingoni. Niliporudi nikaambiwa kapotea, tena kwa sauti ya mtu anayekuhabarisha kuwa kuku kaliwa na mwewe. Nilivaa nguo za bandani nikaenda uwandani nikipiga mluzi wa chakula, ule ule ninaoupiga kila ninapoweka sahani. Usiku ule kimya. Alfajiri nikarudi tena, nikakaa juu ya jiwe nimeipa mgongo njia, nikipiga mluzi na kunyamaza. Akatoka mwenyewe, kamba imekatika, nyayo zinavuja damu kwa mawe makali, akaja kunilalia mguuni. Ami hakuniomba radhi mpaka leo, na kamba ya mbwa wangu hajaishika tena.

Baada ya pale madebe yakawa tatizo jipya, ikabidi tuanze na debe. Mtoto wa dada yangu, akitoka skuli, alisimama mbali kabisa, ng'ambo ya migomba, na debe tupu la mafuta ya kupikia. Tutaona akianza kula, kijana anagonga kwa ncha ya kidole. Debe likinyamaza, na dagaa wanakoma. Kipimo chetu kilikuwa kinywa cha mbwa: akiacha kutafuna, mgongaji yuko karibu mno, arudi nyuma. Akitafuna huku sikio moja limemgeukia mgongaji, hapo ndipo pa kubaki. Tukatoka kwenye kidole tukaja kwenye kijiti, kijiti hadi gongo, na mtoto akawa anasogea. Mwisho wake mbwa akisikia debe anakuja mbio kunitazama mfuko.

Nilimuazima pia jike mzee wa jirani, mbwa mtulivu ambaye hata ngurumo haimnyanyui. Mbwa mwoga husoma kwa mbwa mwenzake haraka kuliko kwa mtu. Walipokuwa wakitembea pamoja, Tutaona akishtuka na kitu alimtazama kwanza yule jike, na jike asipojali, naye anapita. Ila nilichunga asije akamshikilia jike akaniacha mimi, kwa hiyo siku nyengine tulitoka wawili tu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inatolewa kuanzia miezi 3 na kurejewa kila mwaka. Msiiruke, mbwa anayekutana na wanyama wa porini na meno ya mbwa wengine ndiye anayeihitaji zaidi. Bwana mifugo nilimuomba akae kwanza kwenye kigoda changu, atupe dagaa nyuma kama mimi. Alinikubalia, na sindano ikapita bila ya mbwa kufungwa mdomo.

Lililobaki ni kuitwa, na hapa ndipo ninapogombana na wasasi wenzangu. Mbwa amefukuza mbuzi wa watu, bwana anamwita, mbwa anakuja, anachapwa. Bwana anadhani ameadhibu kufukuza mbuzi. Mbwa amejua kuwa kuja unapoitwa ndiko kunakopigwa. Mluzi wangu haukuwahi kuleta ubaya. Akiwa amefanya kosa nilimfuata mimi, nikamshika kamba, tukaondoka kimya kimya.

Alipoingia kusasa kwa mara ya kwanza akiwa nami, hakuwa mbele. Alibaki ubavuni kwangu, anatazama wenzake, ananitazama mimi. Sikumsukuma. Msimu ulipoendelea akaanza kuingia kichakani, anabweka, anatoka kuhakikisha nipo, anarudi. Wengine wanasema huo ni udhaifu. Mimi nasema huyo ndiye mbwa asiyetobolewa tumbo, kwa sababu hang'ang'anii nguruwe peke yake gizani mwa kichaka. Anamfichua, anajitenga, anabweka hadi watu wafike. Katika mbwa tulioanza nao msimu ule, waliotumbuliwa ni wale majasiri.

Kuna jambo jengine tena. Kwetu kuna paa nunga, ambaye duniani amebakia Unguja na sehemu chache za pwani ya Kenya, na kuna kima punju, ambaye hapatikani popote nje ya Zanzibar. Wote wawili wanalindwa, na msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 ni sehemu ya hifadhi ya taifa, hauko mbali nasi. Mbwa asiyeitika anakuletea kesi. Asubuhi moja paa nunga, mwekundu na mstari wake mweupe mapajani, aliruka mbele ya mbwa wote. Walimfuata. Nikapiga mluzi mmoja. Tutaona alikuwa wa pili kutoka mbele, nilimuona akisimama ghafla, miguu ya mbele imeteleza kwenye majani, akageuka akaja kwangu moja kwa moja. Wenziwe tuliwakusanya hadi adhuhuri, na paa, alhamdulillahi, alituponyoka.

Yule mzee aliyeniambia nimrudishe alikuwepo. Sasa Tutaona amezaa na jike wa jirani, na mzee anataka mtoto mmoja. Nimemwambia nitampa kwa masharti: asimchukue kabla ya wiki ya 8, amzoeshe watoto, madebe na pikipiki kuanzia siku ya kwanza, na fimbo ibaki nyumbani. Mawili ya mwanzo amekubali. La fimbo bado tunabishana, na mtoto yuko kwangu hadi atakapokubali.