Neno fine lilivyonisumbua mpaka nikalielewa

Shule ya msingi tuliliimba darasa zima kwa sauti moja: "We are fine, thank you teacher." Kwa hiyo nilipopata kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mmoja Masaki, fine kwangu ilikuwa jibu la salamu, kama nzuri au sijambo, basi.

Wiki ya kwanza nilimfuata mama mmoja wa Kizungu nikamuuliza kama nimwongezee kahawa. Akasema, "I'm fine." Nikaona amekubali, nikamimina. Akaweka kiganja juu ya kikombe ghafla, kahawa ya moto ikamuunguza vidole. Msimamizi aliniita pembeni. Usiku ule nilirudi Tandika nimejiinamia ndani ya daladala, kwa sababu nilimsikia vizuri kabisa na bado nilikuwa nimemuumiza.

Mwanga niliupata nyumbani. Tulikuwa kibarazani tunakula, jirani akapita, shangazi akamwambia, "Karibu." Akajibu, "Asante, mama," huku anaendelea na njia yake. Hakutamka hapana, na hakuna aliyemsogezea sahani. Nikashtuka: ndicho alichoniambia yule mama wa Kizungu! Alimaanisha kilichopo kinamtosha.

Tangu hapo nikanunua kaunta buku. Sikuandika maana, niliandika nani kasema, wapi, na mkono wake ulikuwa unafanya nini. Mpishi akitaka chumvi ya unga, si ya mawe, ni fine salt. Mchanga laini wa kupigia plasta ni fine sand. Halafu kuna faini, ile ya trafiki ambayo kila dereva wa Dar anaijua. Inakuwaje uzuri na adhabu vikae kwenye neno moja? Hilo lilininyima usingizi hadi nikatafuta asili yake. Yote yanatoka kwenye neno la Kilatini finis, yaani mwisho. Faini ni malipo ya kulimaliza shauri. Kitu kizuri nacho, kwa kupitia Kifaransa, ni kile kilichofikishwa mwisho wake, kama kabati lililokwisha kupigwa msasa na vanishi. Nililipenda sana neno hili baada ya kulijua hivyo.

Kilichobaki kigumu ni sauti. Ipo fine ya kukubali na ipo ya kununa, kama sawa yetu: mtu akikuambia "sawa" kwa mkato huku anatazama pembeni, unajua mambo si sawa.

Jana nilimwambia mzee mmoja kwamba samaki aina ya changu wamekwisha. Akasema, "Fine," akafunga menyu na kuvuta simu yake. Zamani ningeondoka. Nilibaki, nikamwomba radhi, nikamweleza kuwa pweza wameletwa asubuhi ile kutoka soko la samaki la Feri. Akaifungua tena menyu.