Nilifuta "mbona mnachelewa?"

Mwezi uliopita nilihitaji toleo jipya la programu moja ya ramani. Natumia Debian sid, tawi la mfumo huria wa kompyuta wa Debian ambako vifurushi vipya huingia kwanza, na kifurushi cha programu hiyo kilikuwa nyuma kwa matoleo mawili. Nilikuwa nimeshaandika, niwatumie watunzaji wa kifurushi hicho, "Mbona mnachelewa hivi?" Nikaifuta.

Nilikumbuka xz, programu huria ya kubana mafaili. Mwaka 2022 mtunzaji wake alibanwa na watu waliolalamika kwamba matoleo hayatoki, naye akawakumbusha kuwa ile ni kazi ya kujitolea isiyolipwa. Baadaye msaidizi aliyejipatia imani yake ndiye aliyepenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ukagunduliwa Machi 2024. Kila nikiikumbuka habari ile roho inaniuma. Yule mtu alikuwa amechoka, na waliomzunguka walikuwa wakidai tu.

Basi nikaanza upya. Kwanza nikatazama kama kuna aliyekwisha kuomba. Hakuna. Nikafungua reportbug, programu ya kutuma taarifa za hitilafu na maombi kwa Debian, nikachagua daraja la "wishlist", maana hili ni ombi, si hitilafu. Nikataja toleo nililonalo, toleo jipya, na kosa linalonisumbua: herufi zinakatika kwenye majina marefu ya vijiji. Nikajaribu pia kukijenga kifurushi kwenye kompyuta yangu, nikaeleza kwamba maktaba moja ya msimbo inayotegemewa na programu imebadilika jina.

Siku tisa kimya. Kisha jibu la mtunzaji wa kifurushi: asante kwa kujaribu kwanza, umenipunguzia kazi, nitapakia Jumamosi watoto wakilala.

Jumapili asubuhi nikaandika apt update, amri ya kusasisha orodha ya vifurushi. Kifurushi kipya kilikuwepo. Nikamwandikia tena, kumshukuru tu.