Siku mke wangu alipogoma Sheldrick

Mke wangu kazaliwa Majengo ya Mombasa kakulia Majengo, na mlima alioujua maisha yake yote ni ule wa kupanda ukishuka feri pale Likoni, ambao nao akiupanda lazima asimame katikati anunue maji. Kwa hivyo siku aliyoniambia baba watoto na mimi nataka tuwe tukienda sote kwenye hiyo milima yako nlifurahi lakini nkajua pia hapa nikichagua vibaya ntaambiwa mara moja tu na mambo yameisha. Washkaji zangu ndio walinichosha, ati mpeleke mlima Kasigau kule Taita moja kwa moja azoee. Azoee nini? Yule ataapa hatoki tena.

Tukaanza na ufuo, Nyali mpaka Bamburi maji yakiwa yametoka, maana kutembea kwenye mchanga kunachosha miguu kuliko watu wanavyodhani na wakati wowote ukishindwa unatoka barabarani unachukua tuktuk. Halafu Mazeras mpaka Rabai, kule alikokaa mmishonari Krapf tangu 1846, vilima vidogo vidogo, jua kali, alilalamika vumbi lakini alifika na kesho yake akaamka bila kushika kiuno. Hapo ndipo nilipoamua mbuga ya Shimba Hills, maporomoko ya Sheldrick.

Wengine hawanielewi hapa. Ukiangalia kwa kilomita Sheldrick ni fupi, kama kilomita mbili kushuka na hizo hizo kurudi, fupi kuliko Rabai. Lakini ni safari iliyopinduka, raha inatangulia na kazi inakungoja nyuma. Nilijua hivyo na nilitaka akaonje akiwa na kivuli cha msitu na askari wa wanyamapori wa KWS mwenye bunduki pembeni, kuliko kukutana nayo mahali pengine peke yetu.

Basi tukavuka feri alfajiri na probox ya kuazima, tukapanda Kwale, ukungu bado uko. Njiani renja, yule askari wetu, akatuonyesha swala mkubwa aitwaye palahala kwa mbali, dume jeusi na mapembe yake yamekwenda nyuma, akatwambia Kenya nzima hutawaona porini ila hapa. Mke wangu akasema basi tushaona, si turudi? Tukacheka. Alikuwa amevaa dera juu ya suruali, na raba za mtoto wa dadake, na kile kikapu chake ndani mna viazi vya karai na ukwaju kwenye bakuli, maji nimebeba mimi kwenye chupa za chuma kwa sababu zile za plastiki za kutupa zilikatazwa mbugani tangu 2020 na zile za chuma jamani nzito.

Kushuka alishuka huku anapiga domo na yule renja, kijana wa Kidigo mwenye adabu, mara harusi ya nani, mara bei ya nazi Kwale. Chini kule maji yanamwagika kutoka juu mita 21, baridi ile ya kukufanya uvute pumzi, akaingiza miguu, akala viazi vyake, akampa renja, akanambia haya ndio mambo, ulikuwa unanificha nini siku zote.

Kurudi sasa. Hatukwenda mbali, dera lishalowa pindo linamgandama miguuni, akalikunja akalifunga kiunoni, akapanda tena kidogo, akakaa kwenye mzizi. "Mimi siendi."

Nkanyamaza.

"Baba watoto, hebu nambie, mtu akichoka hapa huenda wapi?"

"Hupanda."

"Na asipoweza?"

"Hupanda vivyo hivyo, polepole."

Akanitazama vile anavyomtazama muuza samaki aliyemwekea wa jana. Renja akaingilia, "Mama, hapa kila mtu hukaa, hata hao wazungu wenye fimbo mbili mbili hukaa hapo hapo ulipokaa." Sijui kama ni kweli lakini ilimsaidia. Akanywa maji, akavua kiatu akatoa kijiwe, akavaa, akafunga kamba taratibu sana. Kisha akainuka akasema maneno ambayo mpaka leo ndio sheria nyumbani kwetu: mlima mwengine wowote utakaonipeleka tupande kwanza, nikichoka nigeuke, nyumbani kuwe chini.

Tulifika juu kwa kusimama kila kona. Ndani ya gari hakunisemesha mpaka tukaingia foleni ya feri, na alichosema ni kuuliza Kasigau ikoje.

Kasigau imekaa sawa na sheria yake. Unakata kona Maungu, unaingia ndani mpaka vijiji vya chini ya mlima, kijana wa pale anakutangulia, na ni kupanda tu mpaka mita 1,641, hakuna kudanganyana. Mara ya kwanza aligeukia pale msitu unapoanza kuwa na kuvu na unyevunyevu kwenye magome, akasema leo basi, tukashuka na hakuna aliyemnunia mwenzake. Miezi baadaye tukarudi akafika, akalalamika ukungu umemziba asione Tsavo yote aliyoahidiwa.

Mimi bado nasema Sheldrick ilikuwa mahali pake kwenye orodha, yeye anasema ilikuwa mtego, na tukikaa na wageni kila mtu anaisimulia kivyake. Juzi nimemtajia Vuria, ndio mrefu kuliko yote Taita, mita 2,208. Akaniuliza ile mitambo ya mawasiliano iliyoko juu ilipelekwaje. Nkamwambia kuna barabara ya gari.

"Sasa mlima wenye barabara nitembee kwa nini?"

Natafuta mwengine.