Mzee na Treni Isiyo na Haraka

Jumamosi, Nakuru

Watoto walijazana kwenye meza iliyo karibu na mlango. Hapo treni ndogo ya abiria ilizunguka kwa kasi hadi behewa la mwisho likawa linayumba kila kona, na ilipoanguka wakashangilia. Mpwa wangu, aliyenitoa Kisumu kuja kuona maonyesho haya ya treni za mfano, alitia nanga papo hapo. Nikamwacha.

Mimi nilifuata reli nyembamba. Wapenzi wa mambo haya huhesabu hivyo reli yoyote isiyofika upana wa milimita 1,435, yaani wa SGR. Ile yetu kuukuu ya mita moja, iliyofika Kisumu mwaka 1901, nayo imo.

Meza ya pili ilikuwa Wales. Reli ya Ffestiniog ilifunguliwa 1836 kuteremsha mawe ya kuezekea kutoka milimani hadi bandarini, na upana wake haufiki hata milimita 600. Mwanzoni haikuwa na injini. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, na farasi waliovuta matupu kupanda mlima walirudi chini wakiwa abiria, wamepakiwa kwenye behewa lao! Mwenye meza alikuwa amemchonga mmoja, wa sentimita mbili hivi, amesimama behewani akitazama nyuma. Kazi nzuri sana. Ila kila kitu kilikuwa safi mno kwa macho yangu. Reli bila tone la oili siiamini.

Meza ya pembeni ndiyo iliyonishika. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni, amejenga mlima wa kutoka Molo kwenda Mau Summit, kwa kipimo cha 1 kwa 87, reli zikiwa za milimita 12. Injini ni Garratt ya mvuke: tangi refu la kuchemshia maji limeningʼinizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikijigeuza kivyake. Hivyo jitu lote hujikunja konani. Kijana mmoja aliuliza kwa nini hakuweka yale makubwa yenye majina ya milima, kama Mount Gelai iliyoko makumbusho ya reli Nairobi.

"Hayo yalijengewa njia ya Mombasa na Nairobi, kijana. Kule reli zilikuwa nzito."

Treni yake hutambaa. Mlimani pale, alisema, ukipata kilomita 30 kwa saa unamshukuru Mungu. Nikapiga hesabu kwenye simu: gawanya kwa 87, unapata chini kidogo ya sentimita 10 kwa sekunde. Ndivyo ilivyokuwa ikienda. Mtoto mmoja akasogea, akasubiri, akashindwa.

"Guka, imeharibika?"

"Haijaharibika, mjukuu wangu. Inapanda."

Akarudi mbio kwenye meza ya mlangoni. Waliobaki ni wazee, mikono nyuma, wanaitazama kona kwa kona. Mmoja akaanza kutaja stesheni za mteremko: Londiani, Fort Ternan, Koru... Mwenzake akamkatiza kwa ukali, Kipkelion umeiruka! Wakabishana kwa furaha. Kutoka Mau Summit, juu zaidi ya mita 2,500, njia hushuka karibu mita 1,400 hadi ziwani, na wembamba wa reli ndio ulioiruhusu kujipinda kufuata mabonde badala ya kuyapasua.

Kasoro moja tu: stesheni yake haikuwa na mtu hata mmoja. Nikamwambia.

"Injini kwanza," akajibu. Dereva huyo!

Aliposikia natoka Kibos, karibu na Kisumu kwenye njia hiyo hiyo, akanipa kazi. Anataka kurefusha meza hadi Muhoroni, na anahitaji kujua akina mama waliouzia abiria dirishani walivaaje na walibeba nini.

Jioni nikampigia shangazi, aliyeuza pale miaka mingi. Leso mbili, akasema, beseni la miwa iliyokatwa vipande, na ndizi msimu ukiwa mzuri.

"Na umwambie huyo mzee wako, treni zake zilikuwa zikichelewa. Miwa yangu ilikuwa inakauka nikimngoja yeye."