Boneti imeng'aa

Jioni hii nimemaliza kupuliza vanishi kwenye Volkswagen Beetle ninayoiunda kwa kipimo cha 1:24, yaani gari la takriban mita 4 limekuwa la sentimita 17.

Wiki iliyopita rangi ilikauka na vinundu kama ganda la chungwa kwa sababu niliipuliza ikiwa nzito, nikalazimika kuisugua yote kwa msasa laini wenye maji.

Safari hii niliizimua vizuri, nikapuliza matabaka membamba, nikisubiri kila moja likauke.

Nilipoiinamia chini ya taa, niliviona vidole vyangu ndani ya boneti, hata kingo za kucha zikionekana wazi. Nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Wenzangu, ninyi huyakinga vipi magari yenu na vumbi?