Siku moja maishani mwangu: mpiga nyundo wa Uyui

Saa 11 alfajiri. Tunapakia jiofoni 24 (vifaa vya kunasa mtetemo wa ardhi), kebo, betri, bamba la chuma na nyundo ya kilo 8. Dereva anamalizia chapati kwa mama lishe. Tabora mjini hiyo, tunaiacha.

Saa 2. Kijijini. "Mwangaluka!" Barua kwa mtendaji, sahihi, mhuri. Mzee mmoja ananivuta pembeni: "Mwanangu, mali aliyofukia Mjerumani mmeshaiona?" Hili swali halikosekani. Shikamoo mzee, tunatafuta maji.

Huku chini ni granaiti, na granaiti nzima haina maji. Maji hukaa kwenye nyufa. Kwa hiyo tunatandaza jiofoni kwenye mstari, tunagonga bamba, tunapima mtetemo umechukua muda gani kufika. Kisha tunazungusha mstari nyuzi 30 juu ya kitovu kilekile na kurudia, hadi mielekeo 6. Mtetemo ukifuata nyufa huwahi, ukizikata huchelewa. Kila mstari tunaugonga ncha zote mbili, kwa sababu mwamba ulioinama nao hubadilisha kasi, ukakudanganya kwamba ni nyufa.

Mita 100 kwa kasi ya mita 4,500 kwa sekunde ni milisekunde 22. Kasi ikishuka hadi 3,800, ni 26. Tunagombania milisekunde 4.

Saa 4 hivi, mashine ya kusaga ikawashwa.

Skrini yote ikawa manyoya. Upepo tunauvumilia: unagonga mara kadhaa, kompyuta inajumlisha, kelele za ovyo zinapungua. Ila injini ya dizeli karibu na mstari inameza kila kitu. Nikaenda.

"Dada, naomba utuzimie robo saa tu."

"Robo saa yako. Na hawa wenye madebe niwaambie nini?"

Foleni ikanigeukia. Mama mmoja akauliza kama tunalipwa kwa kupiga chuma mchana kutwa. Nikasema ndiyo. Wakacheka, na kusema kweli wana haki ya kucheka. Tukakubaliana: kila debe likiisha anazima, kijana wake anapunga kanga, sisi tunagonga, halafu anawasha. Kanga ikipungwa, bodaboda inapita. Bodaboda ikiisha, mbuzi wako juu ya kebo. Kitovu kikawa juani kabisa, nyundo tunapokezana, na kila anayeipokea anaiona imeongezeka uzito. Mstari wa tatu peke yake ulikula mchana mzima. Chakula tulikula saa ngapi sijui, ugali ulishapoa.

Jioni nikachora kasi kwa kila mwelekeo. Badala ya duara likatoka yai, limerefuka kaskazini-mashariki: huko ndiko nyufa zinakoelekea. Picha safi kuliko nilivyotegemea kwa siku kama ile, nikampigia mteja nikiwa na kifua mbele.

"Kwa hiyo nichimbe mita ngapi?"

Bado, bosi. Kesho tunapima kwa umeme, mistari ikizikata hizo nyufa, tujue zimejaa maji au udongo wa mfinyanzi.

"Kesho tena? Na nyundo?"

Nyundo inapumzika.